Kiti cha Kando ya Refa

"Usinisogelee sana, Ardith. Mwanao anatuangalia," Lowell aliniambia bila kugeuza uso.

"Aangalie tu. Mimi niko hapa kwa ajili ya timu."

"Hata mimi."

Kwa pembe ya jicho nikamwona anatabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyeficha pipi shavuni, na mimi nikajifanya nafuata mpira. Mpira wenyewe ulikuwa umetoka nje zamani, wachezaji wanakunywa maji.

Jambo hili lilianza hivi. Sisi watu wa Kessler, hapa Indiana, majira ya baridi hatuna kazi ya maana. Mashamba ya mahindi yamelala chini ya theluji, Jumapili tunakwenda kanisani, na siku nyingine tunakwenda kuwaangalia Korongo, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Wexley. Wachezaji ni wanafunzi, watoto wa watu. Wanakaa miaka yao minne, wanaondoka, wanakuja wengine. Sisi wa kwenye viti hatuondoki. Kiti chako ni chako mpaka ufe, na ukifa wanakirithi wanao. Mimi na marehemu mume wangu, Delbert, tulikaa safu ya tatu tangu nikiwa na mimba ya mwanetu Dwight. Del alipofariki hatukumpa mtu kiti chake. Dwight alikuwa anakaa upande ule, mimi upande huu, na katikati yetu kile kitupu.

Mwezi wa Januari timu ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe. Walikuwa wanafungwa na kila aliyekuja na viatu. Mchana mmoja theluji ikayeyuka juu ya paa la ukumbi, maji yakaanza kunidondokea shingoni, tone, tone. Mama Maxine anayetuonyesha viti akanishika mkono akanipandisha juu kabisa, kwenye kiti pekee kilichokuwa wazi siku hiyo, ukitoa cha Del, ambacho hatukikalii. Kiti cha kando ya Lowell Pruitt.

Kilikuwa wazi kwa sababu yake. Lowell alikuwa refa. Alipuliza filimbi katika shule za wilaya yetu tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe, na mtu wa filimbi hapati marafiki kwenye mji kama wetu. Kila nyumba ina kesi yake naye. Ya nyumba yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa fainali ya shule za sekondari, Dwight akiwa na miaka kumi na saba. Tuko nyuma kwa pointi moja, muda unakwisha, mwanangu anachukua mpira, anakata kulia, anarusha, mpira unaingia wavuni, watu wanaruka, mimi nimemkumbatia mtu nisiyemjua. Halafu filimbi. Lowell Pruitt anazungusha mikono mbele ya kifua: katembea. Katembea na mpira mkononi bila kuudundisha. Kikapu hakihesabiwi.

Del hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Akikutana naye dukani aligeuza kigari cha manunuzi akarudi alikotoka, hata kama maziwa yako upande ule.

Basi nikakaa kando ya mtu huyo, mkoba umenikaa mapajani kama niko hospitali nangoja kuitwa.

"Habari za mchana, Bi Kemper."

"Nzuri." Sikuongeza neno.

Baadaye akanisogezea mfuko wake wa bisi, bila kusema kitu, akauweka katikati yetu kama mtu anayemwekea paka asiyemjua chakula. Nikavumilia. Kipindi cha pili nikachukua moja. Siku hiyo tulishinda.

Sasa, asiyekuwa mshabiki hawezi kuelewa, lakini timu ikishinda hubadilishi kitu. Rafiki yangu Eunice hafui soksi. Daktari wa meno, Bwana Vance, anaegesha gari pale pale hata pakiwa na theluji ya kufika magotini. Mechi iliyofuata kiti changu kilikuwa kimekauka, nikarudi safu ya tatu kama mtu mwenye akili zake. Mapumziko tukaingia tuko nyuma vibaya sana. Safu nzima ikanigeukia.

"Ardith," Eunice akasema, "Jumamosi ulikaa wapi?"

"Unajua nilikaa wapi."

"Basi unangoja nini, shoga? Panda!"

"Kwa yule refa?"

"Hata kwa shetani! Panda!"

Nikapanda. Tukashinda. Tangu hapo sikuwa na uchaguzi, nami nawaambia kweli, baada ya muda sikuutafuta. Februari nzima timu haikufungwa, na Februari nzima nilikaa kando ya Lowell. Hapa kwetu watu husimama mechi inapoanza na hawakai mpaka Korongo wapate kikapu cha kwanza. Goti langu ni bovu. Siku ya tatu au ya nne akaniona nabadilisha miguu, akakunja kiwiko chake kikawa karibu na mkono wangu, akaendelea kuangalia mbele. Nikakishika. Sufu ya koti lake ilikuwa na harufu ya sabuni na ya kuni. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wa mwanamume una uzito wake.

Dwight kule chini alikuwa anageuza shingo. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, na hakuna mtu wa Kessler angeweza kulipinga: ni kwa ajili ya timu.

Sasa narudi pale nilipoanzia, Jumatano ile. Wageni walitoka Ohio. Tuliongoza, wakatukamata, tukaongoza tena. Mwishoni Tolliver, kijana wetu wa namba kumi na moja, akarusha mpira ambao siku zote anauingiza. Ukagonga chuma, ukazunguka mdomoni mwa kikapu, ukafikiri, ukatoka nje.

Ukumbi ukanyamaza kama nyumba iliyokatikiwa umeme.

Watu wakaanza kuvaa makoti. Lowell alibaki amekaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa, akaivua tena.

"Basi," akasema taratibu. "Umefunguliwa, Ardith."

"Nimefunguliwa nini?"

"Kifungo cha kukaa na mimi. Tumefungwa. Jumamosi watataka urudi chini, na una haki ya kurudi."

"Na wewe unataka nirudi?"

"Mimi nilizoea kukaa peke yangu." Akaiangalia ile miwani. "Shida ni kwamba sikumbuki tena nilikuwa nafanyaje."

"Hilo si jibu la refa."

"Refa amestaafu."

Nilitaka kumwambia kitu, lakini Maxine akapita anatuhimiza tutoke.

Jumapili baada ya ibada Dwight alikuja kula kwangu, kama kawaida yake. Mkewe alikuwa kwa wazazi wake. Nilikuwa nimeoka nyama na viazi na karoti. Alikula sahani ya kwanza kimya, na mwanangu akila kimya najua anapanga maneno.

"Tumefungwa, tumefungwa," akasema. "Angalau sasa unarudi kwenye kiti chako."

"Nani kakwambia narudi?"

Uma ukasimama njiani.

"Mama. Tumefungwa ukiwa juu. Huwezi kubaki juu."

"Nimesikia."

"Hakuna mtu anayebaki mahali alipofungiwa! Hata Baba, mwaka ule mbaya, alihama akakaa ngazini msimu mzima."

"Nakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda kiuno."

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi sifanyi, mwanangu. Ongeza viazi."

Akasukuma sahani. Dwight ni mtu mkubwa, anauza matrekta, ana sauti ya kuuza matrekta, lakini hapo aliongea kwa sauti ndogo.

"Ni yule mzee, siyo?"

"Ana jina."

"Jina lake nalijua. Nalijua tangu nina miaka kumi na saba."

"Na sasa una miaka mingapi, Dwight?"

"Mama..."

"Nakuuliza mimi niliyekuzaa."

"Arobaini na nane."

"Haya."

"Siyo haya! Unajua mimi dukani kwangu mpaka leo wanaingia wazee wananiambia, aa, wewe ndiye uliyetembea? Mtu anakuja kununua trekta, ananiangalia miguu! Halafu nageuka nyuma ukumbini, namwona mama yangu kamshika mkono aliyenifanyia hivyo." Akatoa lile nililokuwa naliogopa. "Baba angesema nini?"

Niliinuka nikaenda kuzima oveni ambayo ilikuwa imezimwa.

"Baba yako angesema mengi," nikamwambia, mgongo ukiwa kwake. "Alikuwa na maneno, ndiyo maana nilimpenda. Lakini baba yako hayupo jioni nikirudi kutoka kwenye mechi nikawasha taa ya jikoni, nikakosa mtu wa kumwambia Tolliver alivyocheza. Na wewe hupo. Sikulaumu. Una nyumba yako."

Nikasikia kiti kinasogea.

"Mwambie akiri," akasema. "Nataka neno moja tu, kwamba alikosea. Akisema hivyo nitampa mkono, nitamwita mzee wangu, nitamletea kahawa. Asiposema, na wewe Jumamosi ukaenda kukaa naye, basi mimi viti vyetu naviachia. Sikanyagi tena ukumbi ule. Utaangalia mpira na refa wako."

Akanibusu shavuni, maana nilimlea vizuri, akatoka. Nikabaki na nyama nusu sufuria.

Mnasema mtu mzima kama yule anawezaje kuudhika hivyo kwa mpira? Hamjaishi Kessler. Mimi na mwanangu hatuna mazungumzo mengi. Tuna Korongo. Alipokuwa na miaka kumi na tano hataki kuongea na mtu, tuliongea Korongo. Wiki aliyokufa baba yake tulikwenda kwenye mechi, tukakaa na kile kiti kitupu katikati, na yeye akanishika mkono kupitia juu yake. Akiacha kiti chake, sijui nitampata wapi tena.

Jumanne nikamwambia Lowell tuonane kwenye mkahawa wa Patty. Alikuja amenyoa, amejikata kidogo chini ya sikio. Tukaagiza kahawa na pai ya cheri. Nilimwacha ale kwanza.

"Dwight anataka neno moja kutoka kwako."

"Neno gani?"

"Kwamba ulikosea siku ile."

Aliweka uma chini. Nje gari la kukwangua theluji lilipita, vikombe vikatikisika kwenye visosi.

"Ukiniomba nikupakie rangi nyumba nzima, Ardith, naanza leo na baridi hii. Ukiniomba nihamie upande wa pili wa mji nisikusumbue, nitafunga mizigo, ingawa nitalia. Lakini mtoto alitembea."

"Ni miaka thelathini, Lowell! Nani anajali mguu wa mtoto?"

"Mwanao anajali. Amekaa nao moyoni miaka yote hiyo. Ndiyo maana siwezi kumdanganya."

"Neno moja! Useme, nilikosea, samahani, yamekwisha. Mungu mwenyewe atageuza uso."

"Aliinua mguu wa kushoto, akaushusha, akauinua tena kabla mpira haujagusa sakafu. Niliona. Nilijua ni mtoto mzuri, nilijua muda umekwisha, nilijua nitatukanwa mpaka kwenye maegesho. Nilitamani sana nisingeona." Alikuwa anaongea polepole, akigeuza kijiko. "Sikiliza. Nikisema uongo huu ili nikupate, siku moja utaniuliza kama nakupenda. Nitakujibu ndiyo. Na wewe utakaa unajiuliza."

Nilimkasirikia, na wakati huo huo moyo ulinidunda kama wa msichana, na hayo mawili yakikutana ndani ya mwanamke wa umri wangu, anaweza kufanya jambo moja tu. Nilivaa glavu zangu, kidole kwa kidole.

"Wewe ni mtu mgumu, Lowell Pruitt."

"Nimeambiwa. Mara nyingi kwa kipaza sauti."

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Jumamosi sitageuka kukuangalia ukiingia. Nitaangalia uwanjani. Uende unakotaka bila macho yangu mgongoni."

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho nyumbani, dhidi ya Dunmore, mahasimu wetu tangu enzi za babu zetu. Ni siku ya kuwaaga vijana wa mwaka wa nne. Wanaitwa mmoja mmoja, mama zao wanatoka nao katikati ya uwanja na maua mikononi, na watu wazima wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni. Tolliver alipotoka na mama yake, mwanamke mfupi aliyemfika kifuani, nililia pale mlangoni bila kujificha.

Eunice akanidaka hapo hapo.

"Shoga! Leo uko na sisi, sivyo? Kiti chako kikavu kabisa, nimekipangusa kwa mkono wangu."

"Asante, Eunice."

"Na usilete visirani leo. Hawa ni Dunmore!"

Nikaangalia safu ya tatu. Dwight alikuwa amesimama, amevaa fulana yake ya kijani ya zamani inayombana tumbo, na mkononi ana kikombe cha chokoleti ya moto. Yeye hanywi chokoleti. Aliponiona akakiinua juu kidogo, anionyeshe. Hakutabasamu. Alikiinua tu, kama alivyokuwa akiniinulia michoro yake akitoka shule.

Yesu wangu, mguu ulitaka kwenda kwake.

Juu kule Lowell alikuwa amesimama peke yake, uso uwanjani, kama alivyoahidi. Kiti cha kando yake kilikuwa wazi. Hakuwa amekiwekea hata kofia ya kunishikia nafasi.

Nikapita safu ya tatu. Nikaendelea kupanda.

Mwanzoni hawakuamini. Halafu sauti zikaanza kunifuata nyuma.

"Ardith! Umepotea! Ni huku chini!"

"Bibi, tulifungwa hapo hapo!" Huyo alikuwa daktari wa meno. "Hapo hapo!"

"Wee Ardith, unatuua! Ni Dunmore leo!"

Mtu akapiga mluzi. Nilishika chuma cha ngazi nikapanda, goti linalalamika, masikio yananiwaka moto. Tangu nizaliwe sijawahi kuwakosea watu wote wa mji wangu kwa wakati mmoja. Nikafika. Lowell bado anaangalia sakafu tupu.

"Mechi haijaanza," nikamwambia. "Unaangalia nini?"

"Siangalii. Nasikiliza. Nimezisikia hatua zako tangu ngazi ya kwanza." Akaelekeza kidevu kwenye safu za chini. "Wanakuzomea."

"Wewe wamekuzomea maisha yako yote, na bado unakula pai."

"Safari hii si kwa ajili ya timu, basi."

"Si kwa ajili ya timu."

"Ni kwa ajili ya nini?"

"Usinilazimishe kusema mbele ya bendi ya chuo, Lowell."

Ndipo akageuka akaniangalia. Nimeangaliwa na wanaume wawili namna ile maishani, na wa kwanza nilizaa naye. Sitasema zaidi.

Mpira ukarushwa juu. Tukasimama, ukumbi mzima, kungoja kikapu cha kwanza, na kikapu cha kwanza kikakataa kuja. Dunmore wakafunga, wakafunga tena. Korongo wanagonga chuma. Nikashika kiwiko chake, na safari hii sikukishika kama mtu anayeshika ukuta. Nilipenyeza mkono wangu ndani ya wake mpaka vidole vikakutana. Nyuso zilikuwa zinageuka kutoka chini, moja moja. Tulipopata kikapu hatimaye, nilikaa nao wote wakiwa wameona.

Mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na mbili. Mwanafunzi mmoja aliyejipaka rangi ya kijani usoni akapanda ngazi kadhaa, akafumbata mikono kama anasali, akaniambia, "Bibi, tafadhali." Nikampa peremende, akashuka.

Kipindi cha pili kilipoanza nikaona fulana ya kijani inapanda. Dwight. Anapanda kwa nguvu, ngazi mbili mbili, kile kikombe bado mkononi. Lowell akataka kuinuka, nikamkalisha.

Dwight akasimama mbele yetu, anahema.

"Mama. Tuko nyuma kumi na nne. Shuka."

"Sishuki."

"Watu wote wananiangalia mimi! Wanasema, mwambie mama yako!"

"Umeniambia. Sishuki, Dwight. Nakupenda kuliko macho yangu, ila hapa sishuki."

Akamgeukia Lowell. Nikafunga macho nusu.

"Na wewe huna la kuniambia?"

"Ninalo," Lowell akasema. "Nilisikitika siku ile, nasikitika mpaka leo. Ulikuwa mchezaji bora uwanjani. Lakini ulitembea, kijana."

Nikangoja mwanangu ageuke aende mlangoni, na ukumbi ule asiukanyage tena. Alikaza taya, kama baba yake kabisa. Akaangalia mlango. Akaangalia ubao wa matokeo. Kule chini Tolliver akarusha, akakosa, na safu zote zikaguna kwa pamoja.

"Aa!" Dwight akajipiga paja. "Haiwezekani! Haiwezekani wote tukae tulivyokaa na huku tunafungwa hivi! Lazima mtu asogee!"

"Basi sogea wewe," nikamwambia.

Akanitazama. Niliona mshabiki na mwana wanapigana ndani yake, na sitajidai kwamba ni mwana aliyeshinda.

"Shika hii," akasema, akanipa chokoleti iliyopoa. Akamwomba mzee wa upande wangu wa pili asogee kiti kimoja, akakaa. Mimi nikawa katikati yao.

Kule chini Eunice akaruka. "Dwight kasogea! Dwight kasogea, jamani!" Na kweli, mpira uliofuata Tolliver akauingiza kutoka mbali, pointi tatu, bendi ikalipuka.

Tofauti ikawa pointi kumi, ikawa saba. Mwanangu alikuwa ameegemea mbele, magoti yanatikisika. Lowell ameegemea mbele vile vile. Halafu kijana mmoja wa Dunmore akachukua mpira pembeni, akajizungusha, na hao wawili wakaruka juu kwa wakati mmoja, mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto, vidole vimenyooka uwanjani:

"Katembea!"

Refa hakupuliza. Wakabaki wamesimama. Wakaangaliana juu ya kichwa changu.

"Umeona ule mguu?" Dwight akauliza.

"Wa kushoto," Lowell akasema. "Wazi kabisa."

"Kama wangu?"

"Wako ulikuwa mbaya zaidi."

Dwight akatoa sauti puani. Sikujua kama ni hasira au kicheko. Akakaa.

"Refa kipofu," akasema, akimaanisha wa chini.

"Kipofu," Lowell akakubali, na yeye akakaa.

Tulifungwa kwa pointi moja. Ningependa kuwaambia vingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vijana wa mwaka wa nne wakakumbatiana katikati ya uwanja, mama yake Tolliver bado ana maua yake, na watu walianza kushuka taratibu. Sisi watatu tukabaki tumekaa.

"Basi si kiti," Dwight akasema, akiangalia viatu vyake. "Umekaa juu, tumefungwa. Mimi nikahama, bado tumefungwa."

Akainuka, akavuta fulana yake ifunike tumbo, akaongea na chuma cha ngazi badala ya kuongea na mtu.

"Kesho Mama anaoka nyama. Huwa anaoka nyingi, tunashindwa kuimaliza. Mtu anaweza kuja saa saba."

"Mtu atakuja," Lowell akasema.

"Na lile jambo tutalizungumza mezani. Mpaka liishe."

"Tutalizungumza. Haliishi, lakini tutalizungumza."

"Tutaona." Akaanza kushuka. Ngazi ya tatu akageuka. "Mama, nakuwashia gari lipate joto. Usimwache akushushe haraka, goti hilo."

Lowell akasimama, akakunja kiwiko. Nikakishika. Tukashuka katikati ya watu waliokuwa wananung'unika, wengine wananikazia macho, Bwana Vance akitikisa kichwa kama nimemng'oa yeye jino. Eunice alikuwa anatungoja safu ya tatu, koti begani, macho mekundu.

"Sikusemeshi mpaka wiki ijayo," akaniambia. "Niambie kitu kimoja tu. Mwakani unakaa wapi?"

"Juu," nikamwambia, na nikaendelea kushuka, ngazi kwa ngazi, bila haraka.